Futi na inchi katika jedwali la kompyuta: hesabu inayomsumbua mnunuzi wa kiwanja Uganda

Mnyarwanda anayevuka mpaka wa Gatuna kwenda kutafuta kiwanja katika viunga vya Kampala hukutana na lugha ya vipimo asiyoizoea. Kigali, hati ya ardhi humweleza mwenye mali kwamba eneo lake ni mita za mraba kadha wa kadha, na mambo yakaishia hapo. Kampala, dalali hataji mita. Husema kiwanja ni "hamsini kwa mia", au husema ni "desimali kumi na mbili na nusu", na mara nyingi husema yote mawili kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Mnunuzi hutikisa kichwa, hurudi nyumbani, hufungua kompyuta na kuziingiza namba hizo katika jedwali la Excel ili ajue analipia nini. Hapo ndipo hesabu inapoharibika mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa la kwanza ni la maneno ya soko. La pili ni la jinsi kompyuta inavyosoma futi na inchi. Yakijumlishwa, mtu anaweza kulipia zaidi ya mita 50 za mraba za ardhi ambayo haipo.

Futi ziliingia Uganda pamoja na utawala wa Waingereza. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba: Kabaka alitengewa maili za mraba 350, na machifu na wamiliki wengine binafsi wapatao elfu moja wakatengewa maili za mraba 8,000 kwa jumla. Aina ya umiliki iliyozaliwa siku hizo inaitwa mailo hadi leo, na jina hilo si jingine ila ni neno maili lililovaa matamshi ya Kiganda. Maili moja ya mraba ina ekari 640, ekari moja ina futi za mraba 43,560, na ekari ikigawanywa katika sehemu 100 kila sehemu huitwa desimali. Kwa hiyo desimali moja ni futi za mraba 435.6, au mita za mraba 40.47. Rwanda na Burundi hazikupitia njia hiyo, kwa kuwa Wajerumani na kisha Wabelgiji walikuja na mita. Tanzania, iliyotawaliwa na Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, ina tabia zote mbili: viwanja hupimwa kwa mita, lakini fundi anayekwenda kununua mbao bado huomba "mbili kwa nne" ya futi 12.

Jambo moja halina utata. Tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959, inchi ni milimita 25.4 kamili na futi ni mita 0.3048 kamili. Hakuna futi ya Kampala iliyo tofauti na futi ya Nairobi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, kikiwa mstatili wa kweli, kina mita 15.24 kwa 30.48, yaani mita za mraba 464.5.

Sasa zirudiwe desimali za dalali. Desimali 12.5 ni sehemu moja ya nane ya ekari, nayo ni futi za mraba 5,445. Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000 tu, sawa na desimali 11.48. Tofauti ni futi za mraba 445, zaidi kidogo ya desimali nzima. Kenya nako mazoea ni hayo hayo: kiwanja cha hamsini kwa mia huitwa kwa kawaida "moja ya nane" ya ekari, ingawa hakiifikii. Si lazima pawe na hila. Wengi wanaolitumia neno hilo walilirithi, na wauzaji wengi wangeshangaa kuonyeshwa hesabu yenyewe. Lakini bei inapotajwa kwa desimali na ardhi ikapimwa kwa kamba ya futi, anayepunjwa ni mnunuzi.

Tuchukue mfano wa kiwanja kinachotangazwa kuwa hamsini kwa mia. Mnunuzi anakwenda na fundi wake na utepe wa kupimia, wanazunguka kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, na wanaandika katika daftari: upande wa mbele futi 48 na inchi 9, wa nyuma futi 49 na inchi 3, wa kulia futi 98 na inchi 10, wa kushoto futi 97 na inchi 8. Viwanja vingi vilivyokatwa bila mpima ardhi aliyesajiliwa huwa hivyo. Hakuna upande uliofika namba iliyotangazwa, na hakuna pande mbili zilizolingana.

Jioni namba hizo zinaingizwa katika jedwali, na njia inayomjia mtu upesi ni kuweka nukta kati ya futi na inchi: 48.9, 49.3, 98.10, 97.8. Kwa macho ya binadamu huu ni ufupisho mzuri. Kwa kompyuta nukta ina maana moja tu, sehemu za kumi. Inachokisoma katika 48.9 ni futi 48 na sehemu tisa za kumi za futi, ambazo ni karibu inchi 11, wala si inchi 9. Futi ina inchi 12, haina 10, na nukta haiwezi kulijua hilo. Ubaya wa 98.10 umezidi: kompyuta huifuta sifuri ya mwisho na kuacha 98.1, hivyo inchi kumi na inchi moja zinakuwa kitu kimoja, na hakuna atakayeweza kuzitenganisha tena bila kurudi kwenye daftari. Na anayezipanga namba kwa ukubwa ataona 98.11 imewekwa chini ya 98.9, kana kwamba inchi 11 ni pungufu ya inchi 9.

Katika mfano huu mzingo wa kweli wa kiwanja ni futi 294 na inchi 6. Jedwali lenye nukta linatoa 294.1, ambayo mwandikaji ataisoma kuwa futi 294 na inchi 1. Inchi tano zimepotea, na hakuna kilichoonekana kuharibika. Makosa ya namna hii hukwepa macho kwa sababu hiyo hiyo: baadhi ya pande zimeongezwa, nyingine zimepunguzwa, na jumla inafanana na ukweli.

Pale ambapo vipande vyote vina kipimo kimoja, makosa hayafidiani, na hasara huonekana. Fundi anayehitaji mbao 40 za kenchi, kila moja ya futi 9 na inchi 11, akiandika 9.11 na kuzidisha kwa 40 atapata 364.4. Hesabu sahihi ni futi 396 na inchi 8. Atakwenda kwenye duka la mbao na kuagiza pungufu kwa zaidi ya futi 32, yaani mbao tatu na kitu, na paa litasimama likisubiri safari ya pili ya gari la mizigo.

Wapo wanaojua kwamba nukta haifai, wakaandika kama mafundi wanavyoandika kwenye ramani: ritifaa baada ya futi na alama mbili za juu baada ya inchi, 48'9". Jedwali huyapokea maandishi hayo bila kulalamika, lakini huyapokea kama maneno. Na amri ya kujumlisha, SUM, ikikutana na maneno katika safu huyaruka kimyakimya. Mtu ana pande nne, tatu amezipa alama na moja ameiandika kama namba. Jumla inayotoka ni ya ule mmoja, na hakuna onyo lolote. Ipo dalili moja ya kuliona kosa hili mapema: kama mtumiaji hajabadili mpangilio, namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maneno hukaa upande wa kushoto. Safu ya vipimo iliyoegemea kushoto ni safu isiyojumlishika.

Kistari nacho kina balaa lake. Atakayeandika 5-11 akimaanisha futi 5 na inchi 11 ataona kisanduku kimegeuka kuwa tarehe, 5 Novemba au 11 Mei, kulingana na nchi iliyochaguliwa katika mipangilio ya kompyuta. Nyuma ya tarehe hiyo Excel huhifadhi hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, na kwa miaka hii ni namba inayozidi 45,000. Ikiingia katika jumla, kiwanja kitakuwa na upande wenye urefu wa kilomita nyingi. Robo tatu ya inchi ikiandikwa 3/4 pekee hugeuka tarehe vilevile. Tiba yake ni kuandika sifuri, kuacha nafasi, kisha 3/4. Mazoea haya ya Excel hayakuwasumbua mafundi peke yao. Wanasayansi wa jeni waliona majina ya baadhi ya jeni za binadamu yakigeuzwa tarehe za Machi na Septemba, na mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilitoa mwongozo uliobadilisha majina yenyewe, kwa kuwa kuibadilisha programu kulionekana kuwa kazi ngumu zaidi.

Njia iliyo salama ni ya kawaida mno hata mtu huona haya kuieleza: futi zikae katika safu yake na inchi katika safu yake. Safu A ichukue futi, safu B inchi, na safu C iwe na fomula inayogawanya inchi kwa 12 na kuziongeza kwenye futi:

=A2+B2/12

Upande wa mbele wa mfano wetu unatoka 48.75, wa nyuma 49.25, wa kulia 98.8333 na wa kushoto 97.6667. Hizi sasa ni futi za kweli zenye sehemu za kumi, na zinaweza kujumlishwa, kutolewa na kuzidishwa bila hofu. Anayetaka mita huzidisha safu hiyo kwa 0.3048.

Kwa wasomaji wengi wa Rwanda na Burundi kuna jambo la kuzingatia hapa. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa hutumia mkato mahali pa nukta, kwa hiyo 48,75 ndiyo namba, na 48.75 huenda ikabaki maandishi. Majina ya amri hubadilika pia: SUM huwa SOMME, INT huwa ENT, ROUND huwa ARRONDI, SQRT huwa RACINE, na ndani ya mabano sehemu za fomula hutenganishwa kwa nukta mkato. Fomula iliyotumwa na ndugu aliyeko Kampala kwa ujumbe wa simu inaweza kukataa kufanya kazi Bujumbura kwa sababu hiyo tu, na mtu akadhani hesabu yenyewe ni mbovu.

Kurudisha jibu katika futi na inchi ndiko kwenye mtego uliofichika zaidi. Wengi huchukua namba kamili kwa amri ya INT kuwa futi, kisha baki huizidisha kwa 12 na kuikadiria kuwa inchi. Mara nyingi hufanikiwa. Lakini jumla ikiwa futi 11.99, futi zitatoka 11, baki itatoa inchi 11.88, na makadirio yataipandisha kuwa 12. Jedwali litaandika "futi 11 na inchi 12", kipimo ambacho seremala akikiona atacheka. Namba zinazotoka katika kubadilisha mita huchokoza kosa hili zaidi, maana kompyuta yaweza kuhifadhi futi 50 kama 49.9999 yenye tisa nyingi, na INT ikasoma 49.

Dawa ni kubadili utaratibu: kwanza kila kitu kigeuzwe inchi, kisha inchi zikadiriwe, na mwisho ndipo zigawanywe. Jumla ikiwa katika kisanduku C6, futi zitatokana na fomula ya kwanza na inchi zitatokana na ya pili:

=INT(ROUND(C6*12,0)/12)

=MOD(ROUND(C6*12,0),12)

Amri ya MOD hutoa baki baada ya kugawanya. Anayehitaji robo za inchi aweke ROUND(C6*48,0)/4 mahali pa ROUND ya juu. Fomula hizi hazifai kwa namba hasi: tofauti ya futi 1 na inchi 6 chini ya sifuri hutoka "-2 na 6", kwa sababu INT hushuka daima. Anayetafuta upungufu wa upande atoe kipimo kidogo kutoka kikubwa, na alama ya kutoa aiandike mwenyewe.

Linabaki eneo, ambalo ndilo hasa linalolipiwa. Haifai kuzidisha futi kwa futi na inchi kwa inchi kisha kujumlisha. Kila upande ugeuzwe kwanza kuwa futi zenye desimali. Tena robo ya futi ya mraba si inchi 3 za mraba, ni 36, maana futi moja ya mraba ina inchi za mraba 144. Kwa kiwanja chetu wastani wa mbele na nyuma ni futi 49, na wastani wa pande ndefu ni futi 98.25. Zikizidishwa hutoa futi za mraba 4,814.25. Zigawanywe kwa 435.6, na desimali ni 11.05. Aliyeahidiwa desimali 12.5 amepungukiwa karibu desimali moja na nusu, mita za mraba 58 na ushei. Nyumba ndogo ya vyumba viwili ingeenea humo.

Hata hivyo wastani wa pande ni makadirio, nao hukubaliwa tu pale ambapo pembe ni za mraba. Pande nne haziwezi peke yake kueleza umbo la kiwanja, kama vile mbao nne zilizopigiliwa msumari mmoja kila kona zinavyoweza kusukumwa zikalala upande huku urefu wake ukiwa ule ule. Kwa hiyo kipimo cha tano ni cha lazima, cha kona kwa kona. Katika hamsini kwa mia iliyonyooka, kipimo hicho ni futi 111 na inchi 9 na kama tano ya nane. Kikishajulikana, kiwanja hugawanyika kuwa pembetatu mbili, na jedwali linaweza kukokotoa kila moja kwa kanuni ya kale ya Heron: pande tatu hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili, nusu hiyo huzidishwa kwa tofauti yake na kila upande, kisha hutafutwa kipeo cha pili cha zao. Kama kona kwa kona ya kiwanja chetu ni futi 110, pembetatu mbili hutoa jumla ya futi za mraba 4,814, sawasawa na makadirio. Kama ni futi 118, pande zile zile nne hazina zaidi ya futi za mraba 4,722, nazo ni desimali 10.84. Hilo ni pungufu la futi za mraba 92 ambalo utepe uliozungushwa mpakani peke yake usingeligundua kamwe.

Baada ya hapo namba iliyopatikana hulinganishwa na hati, ile ambayo Waganda huiita kyapa. Hati haiandiki futi wala desimali; huandika hekta. Desimali 12.5 zingeonekana humo kama hekta 0.0506, hamsini kwa mia iliyonyooka kama hekta 0.0465, na kiwanja cha mfano wetu kama hekta 0.0447 ikiwa pembe zake ni nzuri. Anayegawanya futi za mraba kwa 107,639 hupata hekta moja kwa moja. Raia wa kigeni, akiwemo Mnyarwanda, haruhusiwi na Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 kumiliki ardhi ya mailo wala ya umiliki huru. Anachoweza kupata ni kodi ya muda usiozidi miaka 99, na eneo lililoandikwa katika kodi hiyo ndilo litakalomfunga. Utepe na jedwali havichukui nafasi ya mpima ardhi aliyesajiliwa, ambaye huweka mawe ya mpaka kwa vipimo vinavyotambuliwa na serikali. Lakini mpima huyo huitwa baada ya malipo mara nyingi kuliko kabla yake, na hesabu ya jioni moja yenye safu mbili, ya futi na ya inchi, inatosha kumfanya mnunuzi aombe aitwe kwanza.